Adabu ya Mita Mia Moja

“Mama Christa, kule munaenda na mutoto, watu wanashindana nini? Wanatafuta mwenye kujua kidogo kupita wote?”

Aliyeuliza vile ni Henriette, jirani wa kuuza makala ya kupikia pale Katoyi, wakiwa kwenye foleni ya maji, kila mutu na bidon yake mbele ya miguu. Wanawake wakacheka. Na Mama Christa, badala ya kujibu, naye akacheka. Alicheka hata kupita wale wengine, mukono kwenye kinywa, sawa mutu asiyehusika. Alipofika nyumbani na kutua bidon ndipo alikumbuka kwamba mutoto aliyechekwa ni wake yeye. Akakaa kwenye kiti chake cha kushonea, akatafuta jibu zuri la kumupa Henriette, na kweli akalipata. Lakini ilikuwa ni siku ya tatu, na Henriette alikuwa amekwisha kusahau swali.

Ndivyo alivyo Mama Christa. Jibu lake mwenyewe humufikia likiwa limechelewa, lakini mutu mwingine akiulizwa, yeye yuko tayari. Mutu akimusalimia Christa, “Habari gani, dada?” mama anajibu, “Ni muzuri.” Mutu akimuuliza Christa jina, mama analitaja, na la ubatizo, na la babu. Siku moja muganga wa meno alimwambia Christa afungue kinywa, na Mama Christa akafungua chake. Christa wakati ule alikuwa na miaka makumi mbili na mbili.

Kwa jina la kwao, Mama Christa ni M’Cirimwami, mutu wa Walungu, upande wa Bukavu. Alisoma miaka sita ya shule ya musingi kwa Masista, na Masista wakamufundisha kushona. Alifika Goma na mume wake Bashige, karani wa depo ya saruji, mutu mupole ambaye Mungu alimwita mapema. Tangu hapo alikula kwa cherehani: uniforme za shule, mashati meupe, sketi za bluu, na kabla ya Pasaka nguo za watoto wa komunyo ya kwanza.

Christa ni mutoto wake wa pekee. Alizaliwa kwa taabu, hakulia, hadi sista wa maternité alipomupiga mugongoni mara nyingi. Alitembea akiwa na miaka mitatu, akasema akiwa na mitano. Mwaka wa tatu wa shule mwalimu alimurudisha na karatasi ndogo yenye maneno matatu: Mutoto arudi nyumbani. Mama Christa aliikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na kila Jumapili aliiona akitafuta wimbo wa kuingia.

Basi akaapa. Kama mutoto hawezi kujua kusoma, atajua adabu. Kusalimia kwa mikono miwili, kupokea kwa mikono miwili, kutotazama chakula cha watu. Lakini jambo alilolifundisha kupita yote ni njia. Kwao Walungu njia za vilimani ni nyembamba, na mutoto hamukati mutu muzima na kumupita hivi hivi. Anakuja nyuma yake, anapunguza mwendo, anasema, “Mama, naomba njia.” Halafu anangoja. Muzee akisema, “Pita, mwanangu,” ndipo anapita, kichwa kimeinama kidogo. Muzee asipojibu, mutoto anaendelea kutembea nyuma yake, hata kama ni safari ya siku nzima.

Goma barabara ni pana, na pikipiki zinapita hata padri bila kuomba chochote. Watoto wote wa kartiye ile ya Katoyi walikwisha kuacha ile desturi. Christa hakuiacha. Watu wa avenue walizoea kusema, “Hata vile alivyo, yuko na adabu,” na Mama Christa alilipokea neno lile sawa mutu aliyepewa diploma. Hakusikia yale maneno ya mbele, hata vile alivyo. Alisikia adabu tu.

Sasa, Christa hajui kutembea akiwa ametumwa. Ukimupa furushi la uniforme apeleke kwa mutu wa Keshero, anaweka furushi kichwani na anakimbia. Anakimbia juu ya mawe ya volkano, anakimbia kando ya pikipiki na magari, hadi akutane na mama muzee. Hapo anapunguza, anatembea nyuma, midomo inasema kitu, kidogo anapewa njia, na anaruka tena. Mama Christa alimwona dirishani miaka yote, na siku zote alifikiri ni kasoro. Alimwombea Christa apate utulivu wa miguu. Alilipia hata misa.

Miaka miwili baada ya volkano kushuka, kijana mumoja mwenye filimbi shingoni alisimama mulangoni na pikipiki yake. Alikuwa Modeste, mutu wa Masisi, mwalimu wa jimnastiki kwenye kituo cha vijana wenye akili inayoenda polepole. Akasalimia vizuri, kisha akasema, “Mama, binti yako anapita pikipiki yangu.”

Mama Christa akaomba musamaha. Alifikiri ni mashitaka. Akaeleza kwamba atamuonya, kwamba si tabia yake, kwamba pengine hakuona kwamba ni mwalimu. Modeste alingoja hadi maneno yaishe, akakaa kwenye kigoda, na akaeleza mambo ambayo Mama Christa hakuwa ameyasikia maisha yake yote: kwamba kuna michezo ya kimataifa ya wachezaji wenye ulemavu wa akili, nchi na nchi, yenye waamuzi, saa za kupimia, bendera na medali. Kwamba si michezo ya huruma. Kwamba mutu anafanya mazoezi hadi anatapika, sawa wachezaji wengine.

Mama Christa akauliza kama wanaruhusu wasichana kuvaa sketi.

Mazoezi yalianza kwenye uwanja wa shule upande wa Mugunga. Kisha wakimbizi wakaja na mahema yao, uwanja ukajaa, na Modeste akahamisha kundi kwenye kiwanja kidogo chenye mawe. Christa alikimbia pale mara tatu kwa juma. Nao walikuwa sita tu, wote vijana, hakuna wa kuombwa njia. Kwa hiyo hakuna mutu aliyejua shida iliyokuwa inangoja.

Ilipofika zamu ya michezo ya Kampala, nchi tisa, Modeste aligawa karatasi kwa wazazi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa, dawa, na chini kabisa mwendo wa mukimbiaji kwenye mita mia moja. Modeste alikuwa amekwisha kumwambia kwamba Christa anakimbia kwa sekunde dix-huit, kumi na nane. Mama Christa alishika bic, akaangalia ule mustari, na akaona haya. Kumi na nane ilionekana kwake sawa kujisifu. Watu wa nchi tisa wasome kwamba mutoto wa M’Cirimwami anakimbia vile? Akamuuliza mwanafunzi wa jirani kama sekunde nyingi ni mwendo mukubwa ao mudogo, ili asikosee katika kunyenyekea. Alipopata hakika, akaandika 26. Akapiga mustari chini yake, kwa mwandiko ule muzuri wa Masista. Modeste alipokusanya karatasi hakurudilia kuisoma ile. Alimwamini mama ambaye hata kifungo hakosei.

Bila shaka Mama Christa alikwenda naye. Hakuna aliyemualika, alitangaza tu kwamba mutoto hajawahi kulala mbali na yeye, na akaanza kuchemsha mayai. Siku zile mupaka ulifungwa saa tisa, kwa hiyo wakavuka Gisenyi asubuhi, wachezaji sita, mwalimu, na mama mwenye mizigo kupita wote saba wakipimwa pamoja: unga wa bugali, samaki wa sambaza wakavu, termosi mbili, mayai makumi manne, na rozari moja kwa kila mutu na mbili za akiba.

Ndani ya bisi Modeste alirudilia maelezo. Siku ya kwanza si ya medali. Ni mbio ya kupima. Waamuzi wanaangalia mwendo wa kila mumoja, halafu wenye mwendo wa kukaribiana wanawekwa kundi moja, na kesho yake kila kundi linakimbia finali yake. Hivi wa polepole anashindana na wa polepole, na mwepesi na mwepesi. Ndiyo sababu siku ya kupima kila mutu anapaswa kutoa nguvu zake zote. Mama Christa aliitika, “Ndiyo, mwalimu,” huku akihesabu kama mayai yatafika Mbarara.

Uwanja wa Kampala ulikuwa mwekundu na mistari myeupe. Christa alisimama kwenye mustari wa tatu. Kwenye mustari wa nne alisimama Igiraneza, mukimbiaji wa Burundi, mwanamuke wa umri wa Mama Christa mwenyewe, nywele nyeupe juu ya masikio. Bastola ikalia. Christa alishtuka, na Igiraneza akatangulia. Kufika mita ya makumi tatu Christa alikuwa amekwisha kumufikia, bega kwa bega.

Hapo Mama Christa, akiwa jukwaani, akaona kitu alichokijua sana. Christa akapunguza mwendo. Akainamisha kichwa. Midomo yake ikasema maneno matatu. Igiraneza alikuwa anatazama mbele, masikio yamejaa pumzi yake, hakusikia kitu. Christa akarudi hatua moja nyuma, akiwa ndani ya mustari wake mwenyewe, na akamufuata yule mama kwa heshima hadi mwisho. Baadaye alisema kwamba aliomba mara tatu.

Ingefaa kuandika kwamba Mama Christa aliogopa. Hapana. Alisimama kwa furaha. Akamugusa mwanamuke aliyekaa kando yake, mugeni asiyejua neno la Kiswahili, akamuonyesha kwa kidole: “Ni wangu ule. Unaona adabu?” Mugeni akaitika kwa kichwa. Mama Christa akamushukuru Bikira Maria, akakaa, akamenya yai.

Alikuwa hajalimaliza Modeste alipofika, kofia mukononi. “Mama, vingt-sept. Sekunde makumi mbili na saba.” Akamuuliza Christa ana maumivu wapi. Christa akasema hana maumivu. Modeste akaenda mbio kwenye meza ya waamuzi kueleza kwamba kuna makosa, kwamba huyu anakimbia kumi na nane. Akarudi polepole, na karatasi aliyoijua Mama Christa.

“Wanasema makosa ni yangu,” akasema. “Karatasi imeandikwa makumi mbili na sita, amekimbia makumi mbili na saba, shida iko wapi? Mama, huu mwandiko ni wa nani?”

Mama Christa aliuangalia ule mwandiko kwa muda murefu, sawa mutu anayejaribu kukumbuka. Kisha akasema ni wake. Akasema hakutaka kujivuna.

Modeste hakupandisha sauti. Ni mutu aliyelelewa. Alikaa chini na kueleza mara moja tu. Sasa Christa amewekwa kwenye kundi la polepole. Kesho akikimbia mwendo wake wa kweli, atawazidi wenzake kwa mbali, na waamuzi watasema leo alijificha ili kesho awapige walio na mwendo mudogo. Sheria ni ile kwa wote. Watamutoa, hatahesabiwa hata wa mwisho. “Wataandika jina lake na kulikata.”

“Na akikimbia polepole?”

Akikimbia kidogo tu kupita leo, Modeste akasema, dhahabu ni yake, na hakuna mutu atakayejua. Akaitazama filimbi yake. “Lakini mimi siwezi kumwambia vile, mama. Ni mwaka muzima namwambia akimbie.”

Mama Christa akaenda kukaa nyuma ya jukwaa na rozari yake. Usifikiri alisali mara moja. Kwanza aliiona dhahabu. Aliiona ikipita Katoyi, ikisimama kwenye foleni ya maji, ikimulika Henriette machoni. Aliifurahia sana kwa muda wa kumi la kwanza la rozari. Kwenye kumi la pili ndipo akamwona Christa akikimbia akijizuia, sawa alivyozuiwa kusema, kuchagua kitambaa, kufungua kinywa chake mwenyewe. Na akaona tena ile karatasi ya shule. Ile iliandikwa na mwalimu. Hii ya pili, ya kumurudisha mutoto nyumbani, aliiandika mama yake, kwa mwandiko muzuri zaidi. Miaka yote alikuwa anapeleka kwenye kitubio hasira, masengenyo, na mara moja kipande cha kitambaa cha muteja kilichobaki mukononi. Unyenyekevu hakuwahi kuupeleka hata siku moja. Padri angeshangaa.

Akasimama, akamushika Christa mukono, akaenda kwenye meza.

Mwenye kuongoza waamuzi alikuwa mama mumoja mwembamba, Mukenya, mwenye miwani na subira. Mama Christa alianzia Walungu. Alieleza njia za vilimani, wazee, maneno ya kuomba, majibu ya wazee, uniforme za Keshero, hadi akafika kwenye bic na haya yake. “Nilidanganya kwa kupunguza,” akasema. “Nilifikiri kupunguza si kudanganya.” Modeste alikuwa amesimama nyuma, anaangalia viatu.

Yule mwamuzi akageuka. “Christa, leo umekimbia kwa nguvu zako zote?”

“Hapana, yeye alikuwa...” akaanza Mama Christa.

“Nimemuuliza yeye, mama.”

Christa anahitaji wakati ili maneno yapangike. Si kwamba hayapo. Mama Christa aliushika upindo wa kitenge chake akauingiza kati ya meno, kabisa, na akauma.

“Yule mama hakunipa njia,” Christa akasema.

“Ukipewa njia utakimbia?”

“Ndiyo.”

Waamuzi waliinamisha vichwa pamoja, wakasema Kiingereza kidogo. Kisha wakaamua: saa tisa alasiri kuna kundi la mwisho la kupimwa, Christa akimbie nalo. Mara moja tu. Akijificha tena, atabaki alipo, na kesho sheria itafanya kazi yake.

Ilikuwa saa saba. Mama Christa akamweka Christa kwenye majani nyuma ya jukwaa na kumwambia kwa sauti tamu kwamba hapa mutu anaweza kupita wazee, si vibaya. Christa akamutazama sawa unavyomutazama mutu anayekujaribu.

“Ulisema ni mbaya.”

“Nilisema ya njiani. Hapa si njia, ni uwanja.”

“Uko na mistari. Na barabara ya Sake iko na mistari.”

Modeste naye akajaribu, akasema kwamba yeye mwalimu ametoa ruhusa. Christa akamujibu kwa upole kwamba njia si yake. Njia ni ya muzee aliye mbele. Na ni kweli, ndivyo alivyofundishwa, na aliyemufundisha alikuwa amekaa pale, amejishika kichwa. Miaka makumi mbili ya kazi nzuri. Hakuna mushono wa Mama Christa uliowahi kushika vile.

Mwisho waliinuka wakaenda kumutafuta mwenye njia. Igiraneza alikuwa kwenye kivuli cha hema la Warundi, anakula ndizi. Alijua Kiswahili cha Bujumbura. Mama Christa akapiga goti nusu, akaanza tena Walungu, lakini Christa alikuwa amekwisha kutangulia mbele yake.

“Mama, naomba njia.”

Igiraneza akacheka hadi ndizi ikatetemeka. “Wewe ndiwe ulikuwa unasema nyuma yangu? Mimi nilifikiri umechoka.” Akafuta vidole. “Pita, mwanangu. Pita na wale wengine wote. Mimi mukubwa wao, nimekupa.”

Neno lile likaingia mahali ambapo maneno ya Modeste hayakuingia. Lakini Mama Christa alitaka hakika, na hapo alifanya jambo ambalo vijana wa Goma wanaliigiza hadi leo kwenye kiwanja cha mazoezi. Alivua viatu. Akakaza kitenge juu ya magoti, akamupa Modeste rozari, akasema, “Christa, mimi ni muzee. Kuja nyuma yangu unipite.” Na akakimbia.

Kusema alikimbia ni kumusaidia. Alikwenda kwa mwendo wa mutu anayekimbilia mvua akiwa na sinia ya mandazi. Kilemba kikaanguka. Timu mbili zisizomujua zikaacha kula ili zitazame. Mara ya kwanza Christa alikuja nyuma, akapunguza, akafungua midomo; mama akapiga kelele bila kugeuka, “Nimekwisha kukupa!” na akapitwa. Mara ya pili Christa alipita, lakini alisimama mbele kumungoja. Mara ya tatu Mama Christa alisikia upepo tu kando ya sikio, na akaona mugongo wa mutoto wake ukienda, ukienda, haugeuki. Alikuwa hajawahi kuuona kutoka pale. Akakaa chini kwenye majani, akasema ni pumzi.

Saa tisa, bastola ilipolia, alifunga macho asali Salamu Maria. Ndilo kosa lake la mwisho la siku ile: Salamu Maria moja, ukiisali kwa heshima, inapita sekunde kumi na nane. Alipofika amina, mbio ilikuwa imekwisha, na Modeste alikuwa anaruka, anasema dix-sept, kumi na saba na kidogo. Christa alikuwa amewapita wanne, mumoja wao mwenye mvi. Mama Christa hakuona hata hatua moja.

Wakamweka kwenye kundi la wepesi. Finali ya kesho yake aliitazama macho wazi, na kwa kuwa aliitazama anaweza kushuhudia: Christa alifika wa nne kati ya saba. Medali zilikuwa tatu. Wa nne alipewa utepe wa rangi, akavalishwa kwa mikono miwili, naye akaupokea kwa mikono miwili. Jina likasikika uwanja muzima kwenye haut-parleur, Bashige Christa, limevunjwa kidogo na ulimi wa Kiganda, lakini zima. Nusu saa baadaye finali ya polepole ilikimbizwa, na dhahabu ikaenda kwa Igiraneza, ambaye alicheza nayo hadi walinzi wakamuomba ashuke. Mama Christa alimupigia makofi kwa moyo wote. Yaani, kwa karibu moyo wote. Kuna kipande kidogo kilichobaki kinaiangalia ile dhahabu, na amekwisha kukipeleka kwa padri.

Mutu wa redio alikuja na mikro kumuuliza Christa anajisikia namna gani. Mama Christa alivuta pumzi ili ajibu. Modeste, ambaye alikuwa amejifunza mengi kwa siku mbili, akamutia yai mukononi, limekwisha kumenywa, na yeye, kwa sababu hawezi kuacha chakula kiharibike, akalitia kinywani.

“Nimewapita watatu,” Christa akasema kwenye mikro. “Watatu wakanipita. Nilikimbia.”

Walirudi Katoyi. Utepe uliwekwa ukutani kando ya picha ya marehemu Bashige. Wateja waliuliza ni wa nini, na Mama Christa alianza kila mara na Walungu, hadi Christa mwenyewe akaanza kuwaeleza, kwa maneno kumi hivi, na wateja wakaelewa haraka zaidi. Njiani kuelekea Keshero hakuna kilichobadilika. Christa bado anapunguza nyuma ya wazee, bado anaomba, bado anangoja. Uwanja ni uwanja, anasema, na njia ni njia. Ni mama yake peke yake aliyeogopa kwamba hatajua kuvitofautisha.

Mwaka uliofuata, muchana mumoja, Modeste alisimama tena mulangoni na pikipiki. Michezo mingine ilikuwa inatangazwa, nchi nyingi zaidi, mbali zaidi, safari ya ndege. Akatoa karatasi, akapita cherehani, akaenda kukaa kando ya Christa, aliyekuwa anakunja sketi za bluu. Akamuuliza yeye jina, akamuuliza yeye tarehe, na Mama Christa akakanyaga cherehani kwa nguvu bila kitambaa ndani, ili miguu ifanye kazi badala ya kinywa. Walipofika chini kwenye mwendo, Christa akasema, “Dix-sept,” na Modeste akaandika.

Hapo Mama Christa hakuweza tena. Akauliza kama kwenye ndege wanaruhusu termosi. Akauliza mayai yanakaa siku ngapi kwenye baridi ya kule. Akaanza kuhesabu rozari za akiba, na kufikiria kitenge gani kinafaa, na kama pasporti inachukua mwezi mumoja ao miwili kwa mutu wa umri wake.

Christa aliweka sketi ya mwisho juu ya furushi. Alikawia, maneno yakapangika.

“Mama,” akasema, “ile michezo ingine niende na mwalimu. Wewe ubakie hapa nyumbani, uniombee.”